Maswali ya Wasomaji: Mwanangu Anataka Kwenda Kuomba Pipi Usiku wa Halloween

Mwezi wa Oktoba unapokaribia kwisha, wazazi wanaoishi Marekani na Kanada hutuandikia kuhusu Halloween, sikukuu ya usiku wa tarehe 31 ambapo watoto huvaa mavazi ya kuigiza na kuomba pipi nyumba kwa nyumba, na siku hizi wazazi walioko Dar es Salaam nao wameanza. Toleo hili tumechagua barua tatu. Tumezifupisha, na tumeondoa majina kwa ombi la wenyewe.

SWALI: Mimi ni mama wa watoto watatu. Nilizaliwa Uvira, Kivu ya Kusini, nikakimbia vita nikiwa msichana, nikaolewa na kuzaa katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, na huu ni mwaka wa sita tangu tuletwe Kentucky, Marekani. Tunasali katika kanisa la kipentekoste la Wakongomani. Mwaka jana niliwakataza watoto kwenda Halloween, kwa sababu mchungaji wetu alitufundisha kwamba ni sikukuu ya shetani, na kwamba mtoto anayepokea pipi usiku ule anapokea na pepo. Baadaye nikagundua kuwa kijana wangu wa miaka 9, aliyeniaga kwamba anakwenda kusoma kwa rafiki yake, alivaa nguo za kuazima akazunguka mtaa mzima. Pipi nilizikuta chini ya godoro. Nilipomuuliza alilia, akasema, “Mama, kwa nini sisi tunakatazwa kila kitu?” Mpaka leo sijamjibu. Mwaka huu nifanye nini?

JIBU: Mama mpendwa, nimeisoma barua yako mara kadhaa, na kila mara kinachonishika si Halloween yenyewe bali zile pipi za chini ya godoro. Mtoto aliyedanganya, akaficha, kisha akalia alipoulizwa, ni mtoto ambaye dhamiri yake ingali hai na ambaye bado anatamani kuwa upande wako. Swali lake halikuwa la ukaidi. Alipewa katazo bila kupewa sababu anayoweza kwenda nayo shuleni, na shuleni ndiko anakoshinda kutwa miongoni mwa watoto wasioijua Uvira wala kanisa lenu. Kwa hiyo, uamuzi wowote utakaoufikia mwaka huu, uwe ni uamuzi ambao kijana huyo anaweza kumweleza rafiki yake kwa maneno yake mwenyewe, bila kuona haya na bila kumtukana rafiki huyo.

Tuanze na siku yenyewe, maana mengi yanayosemwa juu yake ni nusu ya ukweli. Jina Halloween limetokana na maneno ya Kiingereza cha zamani yenye maana ya mkesha wa Watakatifu Wote, yaani usiku wa tarehe 31 Oktoba unaotangulia sikukuu ya Kanisa ya tarehe 1 Novemba. Katika mwaka 835, wakati wa Papa Gregori IV, sikukuu hiyo ilienezwa katika himaya yote ya Wafranki huko Ulaya magharibi, na baadaye ikafuatiwa na kumbukumbu ya marehemu ya tarehe 2 Novemba, siku ambayo Wakatoliki wa kwetu huenda makaburini kusali. Huko Ayalandi na Uskoti, Wakelti, wenyeji wa kale wa huko, nao walikuwa na sikukuu yao ya Samhain, ya kufunga mavuno na kuingia majira ya baridi, na masimulizi ya kale ya Ayalandi yanasema kwamba usiku huo mlango baina ya walio hai na viumbe wa ulimwengu mwingine uliachwa wazi. Masimulizi hayo yaliandikwa katika nyakati za Ukristo, karne nyingi baada ya watu wale kubatizwa. Kwa sababu hiyo, yeyote anayekueleza kwa uhakika jinsi ibada za Samhain zilivyofanywa, akitaja makafara na damu, anakueleza zaidi ya ushahidi uliopo.

Mila hizo zilisukana kwa muda mrefu. Huko Uingereza, maskini walipita nyumba kwa nyumba wakipewa vikeki, nao wakaahidi kuwaombea marehemu wa nyumba ile. Huko Uskoti na Ayalandi vijana walijifunika nyuso, wakaimba au kughani mashairi mlangoni ili wapewe chochote. Wahamiaji wa Ayalandi, hasa waliofukuzwa na njaa kuu ya kuanzia 1845 hadi 1852, waliichukua desturi hiyo hadi Marekani. Kwao walikuwa wakichonga taa katika mboga ya mzizi iliyo jamii ya figili, na Marekani wakakuta boga, ambalo ni kubwa na rahisi kuchonga. Watoto kuzunguka wakiomba pipi kama unavyowaona mtaani kwako ni jambo lililoenea katika miaka ya 1930, likasimama wakati wa Vita Kuu ya Pili kwa sababu sukari ilikuwa ya mgawo, kisha likarudi kwa nguvu. Mwaka 1950, huko Philadelphia, mchungaji mmoja wa Kipresbiteri na mkewe walianzisha desturi ya watoto kukusanya senti usiku huo kwa ajili ya UNICEF, na desturi hiyo ikaenea nchi nzima.

Sikuelezi haya ili kuisafisha siku hiyo. Ninataka tu ujue kwamba jirani yako anayeweka boga kibarazani hamwabudu shetani, na kwamba ukimfundisha mwanao kuwa rafiki yake ni mtoto wa shetani, utakuwa umemfundisha uongo ambao ataugundua mwenyewe, na siku atakayougundua hataamini mengine unayomfundisha ambayo ni kweli.

Hata hivyo, sitakuambia kwamba hakuna kitu. Katika mitaa mingi ya Marekani, nyua za nyumba usiku ule hujazwa makaburi ya plastiki, mifupa, na sanamu za maiti zilizoning'inizwa mitini. Jirani yako anaweza kucheka kwa sababu hajawahi kuruka maiti njiani akiwa amebeba mtoto mgongoni. Wewe uliyekimbia vita Kivu una haki kamili ya kutotaka mwanao apakwe damu ya rangi na kucheza maiti, na haki hiyo haihitaji aya ya Biblia kuithibitisha. Je, umewahi kumweleza kijana wako jambo hilo? Si lazima umsimulie yote. Mtoto wa miaka 9 anaweza kuelewa mama anaposema, “Mimi niliona watu wamekufa kweli, na moyo wangu hauwezi kuona watoto wangu wakiigiza hivyo.” Hiyo ni sababu anayoweza kumwambia rafiki yake, na rafiki yake ataiheshimu.

Kuhusu pipi na pepo, namheshimu mchungaji wako kwa kuwa anawalinda kondoo wake katika nchi ngeni, lakini katika hili siwezi kukubaliana naye. Wakristo wa Korintho walikuwa na shida inayofanana sana na yako. Nyama iliyouzwa sokoni mara nyingi ilikuwa imetoka katika mahekalu ya sanamu, nao wakamwuliza Paulo kama wanaweza kuila. Alijibu kwa kirefu, katika sura ya 8 na ya 10 ya Waraka wa Kwanza, na ukisoma utaona anatenganisha mambo matatu. Kuketi katika meza ya ibada ya sanamu alikataza kabisa. Kinachouzwa sokoni aliwaambia wale bila kuuliza-uliza, maana “dunia ni mali ya Bwana na vyote viijazavyo”. Na mtu asiyeamini akikualika kwake, nawe ukataka kwenda, ule unachoandaliwa. Ila mwenzako akikuambia kwamba kitu hiki kimetolewa sadaka, basi uache kwa ajili ya dhamiri yake. Nyama haikuwa na pepo ndani yake. Kilichopimwa ni nani anaabudiwa, na nani ataumia moyo akikuona unakula.

Niongeze jambo moja ambalo sisi wa Afrika ya kati na mashariki hatuna ruhusa ya kulipita haraka. Kinshasa na miji mingine ya Kongo imewaona maelfu ya watoto wakifukuzwa nyumbani kwa kuitwa wachawi, na katika visa vingi tuhuma zilianza kwa maneno kwamba mtoto alikula mkate au karanga alizopewa na mtu, na uchawi ukaingia kwa njia hiyo. Jambo hili lilikuwa kubwa kiasi kwamba sheria ya Kongo ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 ilifanya kumtuhumu mtoto uchawi kuwa kosa la jinai. Mtoto wako tayari amezila zile pipi. Akiamini kwamba ana pepo tumboni, kila ndoto mbaya atakayoota na kila homa atakayoipata itamthibitishia. Nakusihi sana, mwite leo, mweleze kwamba hana pepo yeyote, kwamba kosa lake lilikuwa kusema uongo, na kwamba kosa hilo umelisamehe.

Sasa, mwaka huu. Mfano ninaopenda kuwapa wazazi walioko ugenini ni wa Danieli, kwa sababu naye alikuwa kijana aliyehamishwa kwao kwa nguvu. Huko Babeli alisoma lugha ya Wakaldayo, akapewa hata jina la kwao, naye hakugombana juu ya hayo. Jambo alilolikataa ni moja, chakula cha mfalme, na alilikataa kwa adabu, akamwomba msimamizi awajaribu siku kumi kwa chakula kingine. Hakukataa kila kitu, wala hakupokea kila kitu, na alipokataa alikuja na pendekezo. Keti na watoto wako mchague pamoja lipi ni chakula cha mfalme. Kwa nyumba yako, mimi ningeweka humo mavazi ya maiti, ya mchawi na ya shetani, na nyumba za kutisha wanazotoza kiingilio. Pipi ya jirani na boga lenyewe nisingeviweka humo.

Mkiamua kutokwenda kabisa, ni uamuzi halali, na Wakristo wengi, wakiwamo Waadventista wengi na Mashahidi wa Yehova wote, hufanya hivyo kila mwaka. Lakini usiku huo usiwe wa watoto kukaa gizani taa zimezimwa huku wakisikia wenzao wakicheka nje. Marekani, taa ya kibarazani ikizimwa, watoto wanaelewa kwamba nyumba hiyo haishiriki, wala hakuna anayekasirika. Basi izimeni, kisha washeni za ndani zote, pikeni wanachokipenda, waalikeni watoto wa familia nyingine za kanisani. Makanisa mengi ya huko hufanya sherehe ya mavuno jioni hiyo, yenye michezo na pipi, na hakuna kinachozuia kanisa lenu kufanya yake. Mkiamua kwamba watoto waende kidogo, basi waende na wewe au baba yao, wavae nguo za kawaida za kuigiza, labda daktari au mchezaji mpira, na wapite kwa majirani mnaowajua. Mtakuwa mmepata pia nafasi ya kujua majina ya watu wa mtaa wenu, jambo ambalo wageni wengi hukosa kwa miaka.

Kuhusu hofu ya sumu katika pipi, ambayo husikika kila mwaka, mwanasosholojia Joel Best amefuatilia tuhuma za tangu mwaka 1958, na hakupata kisa kilichothibitishwa cha mtoto kuuawa kwa pipi aliyopewa mlangoni na mtu asiyemfahamu. Hatari ya kweli ni magari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliopitia ajali za miaka 42 nchini Marekani, ulionyesha kwamba jioni ya Halloween hatari ya mtembea kwa miguu kuuawa na gari hupanda kwa asilimia 43 kuliko jioni za majuma ya jirani. Ndiyo sababu nasema mtoto asiende kwa siri. Mwaka jana kijana wako alikuwa barabarani gizani, nawe ulidhani yuko juu ya daftari.

Mwisho, shule. Mwandikie mwalimu mapema, kwa maneno machache, kwamba kwa sababu za imani ungependa mtoto apewe kazi nyingine wakati wa sherehe. Usiogope kwamba utaonekana mkorofi. Mwaka 1943 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, katika kesi iliyoletwa na familia za Mashahidi wa Yehova wa West Virginia, kwamba shule ya serikali haiwezi kumlazimisha mwanafunzi hata kuipigia saluti bendera ya taifa. Mwalimu wa huko amezoea barua kama yako.

SWALI: Assalamu alaykum. Mimi ni Mzanzibari ninayeishi Toronto, nina binti wa miaka 7. Dada yangu yuko Maskati, na watoto wake kila Ramadhani huvaa nguo nzuri za kiasili wakazunguka nyumba hadi nyumba wakiimba Qaranqashoh, wakipewa pipi na njugu. Binti yangu ameziona video zao. Sasa anauliza kwa nini binamu zake wanaruhusiwa naye hapa anakatazwa Halloween, na mke wangu, kwa kweli, anauliza vilevile. Nimjibu nini?

JIBU: Wa alaykum salaam, kaka yangu. Mimi si shekhe wala sitoi fatwa. Kwa hukumu yenyewe muulize imamu wa msikiti wenu, anayeijua hali ya hapo. Ninachoweza kukueleza ni kwamba masheikh wengi hukataza kushiriki, wakitegemea hadithi iliyopokewa na Abu Dawud kwamba mwenye kujifananisha na watu basi naye ni katika wao, na kwamba Mwislamu ana Idi zake mbili. Nadhani hilo unalijua. Unachotafuta ni namna ya kumwambia mtoto.

Binti yako ameona jambo la kweli, na ningeanza kwa kumkubalia. Mtoto kugonga mlango wa jirani na kupewa peremende si haramu kwa umbo lake, na nchi za Ghuba zina desturi hiyo tele: Omani ni Qaranqashoh katikati ya Ramadhani, Kuwait na Saudia wana yao kwa jina jingine, na Falme za Kiarabu huifanya katikati ya Shaabani. Tofauti iko katika kinachosemwa na sherehe. Qaranqashoh inawaambia watoto kwamba wamefika nusu ya mwezi wa kufunga na mtaa mzima unafurahi nao. Halloween, kwa mapambo yake, inawaambia wacheze na wafu na wachawi. Mtoto wa miaka 7 anaielewa tofauti hiyo akionyeshwa picha za sherehe zote mbili kwa utulivu.

Nitaongeza la kwetu, maana wewe ni wa Unguja. Mwaka Kogwa wa Makunduchi, ule wa Julai wenye kupigana kwa migomba na kuchoma kibanda, asili yake ni Nairuzi, sikukuu ya mwaka mpya ya Waajemi, iliyokuwapo kabla ya Uislamu, na Wazanzibari wenyewe hawajawahi kukubaliana juu yake: wapo wanaoona ni mila tu ya kusafisha mwaka na kumaliza ugomvi, na wapo wasiokanyaga huko kwa sababu ya dini. Wote ni Waislamu, na wanazikana. Nakukumbusha hilo ili usimhukumu Mwislamu mwenzako wa Toronto aliyeamua vingine kuhusu mwanawe, na wala binti yako asisikie nyumbani kwako maneno ya kuwadharau watu hao.

Upo pia mlango wako mwenyewe. Watoto wa majirani watakuja kugonga hodi, wengine wadogo kuliko binti yako. Baadhi ya wanazuoni hukataza hata kuwapa chochote kwa kuwa ni kusaidia sherehe, wengine huona kwamba kumpa mtoto wa jirani kitu kitamu ni haki ya jirani, ile ambayo Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema kwamba Jibrili aliiusia mno hadi akadhani jirani atarithishwa. Moyo wangu uko kwa hawa wa pili, lakini fuata mwanazuoni unayemwamini. Pipi zenyewe, zitakazoingia kwako kutoka shuleni upende usipende, zisome maandishi yake: nyingi zile laini za kutafuna zina jelatini, na mara nyingi jelatini hiyo ni ya nguruwe. Mfundishe binti yako kusoma neno hilo mwenyewe. Watoto huipenda sana kazi ya aina hiyo, na humwacha akiwa na jambo la kufanya badala ya kukatazwa tu.

Halafu mletee Qaranqashoh. Simaanishi umnunulie zawadi kubwa Oktoba ili kumnyamazisha, kwa sababu hapo utakuwa umeifanya Halloween kuwa kipimo cha furaha yake. Namaanisha kwamba Ramadhani ijayo, tafuta familia nne au tano za Waswahili na Waarabu mlio karibu, mkubaliane usiku mmoja katikati ya mwezi, dada yako atume nguo kutoka Maskati, na watoto wapite kwenu wakiimba. Anachokiona kwa binamu zake kwenye simu akione mlangoni kwake. Mzazi anayesema hapana mwezi wa Oktoba anasikilizwa zaidi akiwa amesema ndiyo ya kweli mara nyingi katika mwaka, na watoto wengi wa Kiislamu wa Ulaya na Amerika, kwa bahati mbaya, wanaijua dini yao zaidi kwa makatazo yake kuliko kwa sherehe zake.

SWALI: Naishi Dar es Salaam, ni Mlutheri. Shule binafsi anakosoma mwanangu wa darasa la pili imetutumia ujumbe kwamba tarehe 31 Oktoba watoto wote waje wamevaa mavazi ya Halloween, na kutakuwa na zawadi kwa “mchawi bora”. Mume wangu anasema niache, ni michezo ya watoto. Mimi moyo unakataa. Je, ninakuza mambo?

JIBU: Hukuzi mambo, dada yangu, na jibu langu kwako ni kali kuliko nililompa mama wa Kentucky. Yeye anaishi katika mtaa ambao sikukuu hiyo ni ya majirani zake, kwa hiyo lazima apime imani yake na ujirani. Wewe huna jirani wa kuudhi. Hapa Dar es Salaam siku hiyo haina babu wala bibi. Imeletwa kwa filamu, maduka na mitandao, na shule iliyoipokea inapaswa kuwaeleza wazazi inamfundisha mtoto nini kwa siku hiyo.

Kuna jambo zito kuliko hilo, nalo ni ile zawadi ya mchawi bora. Katika nchi ambako uchawi umebaki katika hadithi za vitabuni, kofia ndefu nyeusi ni kofia tu. Katika Tanzania yetu, hasa Shinyanga, Mwanza na mikoa ya jirani, bibi vizee wameuawa kwa mapanga kwa kuitwa wachawi, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, na macho hayo yaliharibiwa na moshi wa kuni na samadi walizopikia maisha yao yote. Watu wenye ualbino wamewindwa na kukatwa viungo kwa sababu ya uongo wa waganga. Huenda katika darasa la mwanao yumo mtoto mwenye ualbino, au mtoto ambaye bibi yake aliihama nyumba yake usiku kwa kuogopa majirani. Kumvisha mtoto mwingine uchawi na kumpa zawadi mbele yake ni kukosa kufikiri, hata kama aliyeandika ujumbe ule hakukusudia ubaya wowote. Mume wako, ukimweleza hivi, sidhani kama ataendelea kusema ni michezo.

Wewe kama Mlutheri una faida ya ziada. Tarehe 31 Oktoba 1517 ndiyo siku ambayo Martin Luther anakumbukwa kwa hoja zake 95 huko Wittenberg, na usharika wako huadhimisha Matengenezo ya Kanisa wakati huohuo wa mwaka. Mtoto wa darasa la pili anaweza kusimuliwa habari ya mtu aliyeandika hoja zake akazitoa hadharani bila kujificha. Ni habari nzuri kwa mtoto ambaye huenda kesho yake darasani akaulizwa kwa nini hakuvaa kama wenzake.

Nenda kamwone mwalimu mkuu ana kwa ana, kabla ya kuandika chochote katika kundi la wazazi, kwa sababu katika kundi maneno huwaka haraka na mwalimu akishaaibishwa mbele ya watu hatarudi nyuma. Mwombe jambo moja linalowezekana: siku ya mavazi ibaki, kwa kuwa watoto wameshafurahia, ila kila mmoja aje amevaa kazi anayotaka kuifanya akiwa mkubwa, au mavazi ya kwao bibi na babu. Akikataa, mwambie kwa upole kwamba mwanao atabaki nyumbani siku hiyo, na umweleze mtoto mwenyewe sababu jioni iliyotangulia, si asubuhi wakati wenzake wanapanda basi la shule. Nenda wiki hii, kabla watoto hawajaanza kuahidiana mavazi.